Siku Mama Mkwe Aliponitazama

Nilikuwa na desturi ya kukohoa getini. Sikuwa naumwa kifua. Nyumba tuliyopanga pale Bagara ilikuwa na ua mdogo, na ndani ya ua huo alikuwepo mama mkwe wangu, aliyekuja kumsaidia mke wangu alipojifungua, kisha akabaki kulea. Kwao mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawagusani, hawali pamoja, hawatajani majina. Kwetu pia ni hivyo, ingawa sisi tumelegea kidogo. Basi nikifika getini nilikohoa, yeye akavuta khanga usoni na kuingia chumbani kwake, nami nikapita. Nikitaka kutoka, nilikohoa tena. Jirani mmoja mgeni aliwahi kumshauri mke wangu anipeleke nikapimwe kifua kikuu.

Tulipotaka kusemezana tulipitia kwa mke wangu, na mke wangu asipokuwepo tulipitia kwa mtoto. "Mjukuu, mwambie baba yako maji ya kuoga yapo tayari." Nami nilimjibu mtoto, "Mwambie bibi nimesikia, nashukuru." Mtoto mwenyewe hakuwa hata na meno. Alitugeukia kwa zamu akicheka, na ujumbe ukafika.

Siku moja ya mvua nilirudi nyumbani mchana kuchukua koti. Viatu vilikuwa vimejaa tope, nikavivua nje ya geti. Nilijua mtoto hulala saa hizo, kwa hiyo nilifungua geti taratibu na sikukohoa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani, ungo wa maharage mapajani, kichwa wazi. Akainua uso, akanitazama. Hatukuwa mbali, ningenyoosha mkono ningemfikia. Alinitazama machoni bila kupepesa, bila kuinuka, bila kuitafuta khanga yake, na vidole vyake vikaendelea kuchambua maharage. Nilisimama pale mvua ikininyeshea. Kisha nikarudi kinyumenyume hadi nje, nikaokota viatu, nikatembea peku mpaka kona ya pili ndipo nikakumbuka kuvivaa.

Ili mtu anielewe, lazima ajue maana ya jambo lile kwetu. Mama mkwe hakukazii macho hivi hivi. Akikukazia macho amekwisha kukuchoka, na anakuambia bila maneno kwamba heshima kati yenu imeisha. Niliwahi kusikia habari za mama mmoja aliyemtazama mkwe wake namna hiyo, na mke akarudishwa kwao kabla ya mavuno. Nilirudi ofisini nikiwa sina raha hata kidogo.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya wakati ule. Babati ilikuwa imefanywa makao makuu kabla haijawa na nyumba za kutosha kwa watumishi waliomiminika kutoka mikoa mingine, nami nilikuwa mmoja wao, mchora ramani katika ofisi ya ardhi. Kazi yetu ilikuwa kupanga mji kwenye karatasi wakati watu wenyewe wanaendelea kujenga. Alasiri ile nilichora barabara ikapita katikati ya kiwanja cha kanisa. Mkubwa wangu aliinama juu ya meza yangu akaniuliza kanisa lile limenikosea nini.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, si mtu wa kutishika ovyo, lakini nilimwona akiweka sufuria chini.

"Umemfanya nini mama?"

"Sijui. Labda ile siku niliposema uji unanuka moshi."

"Ulisema mbele yake?"

"Nilimwambia mtoto."

Tulirudia makosa yangu yote ya mwaka ule, na niseme ukweli, mke wangu aliyakumbuka mengi kuliko mimi. Mwisho tukaamua kufanya lifanywalo kwao mkwe anapokosa: kupeleka blanketi. Nilikwenda sokoni mwenyewe nikachagua zito, la kijani, kijani cha mahindi machanga. Mke wangu akampelekea mama yake kibarazani, akamwekea mapajani, nami nikasimama nyuma ya pazia la sebuleni nikisikiliza hukumu yangu.

Mama mkwe alilipapasa kwa viganja vyote viwili, akavuta pindo, akalinusa. "Mwambie baba yake mtoto amefanya vema sana," alisema. "Sijui nimemfurahisha kwa lipi. Blanketi zito. Na wekundu huu ndio ninaoupenda."

Mke wangu aliinama akalitazama tena lile blanketi. Nilichungulia pembeni ya pazia.

"Mama," akasema, "hili ni jekundu?"

Mikono ya mama mkwe ilitulia juu ya lile blanketi. "Ya mkwe huwa mekundu," alisema hatimaye. "Hata aliloletewa mama yangu lilikuwa jekundu."

Hapo ndipo yote yalipotoka. Alikuwa haoni, na si tangu jana. Jicho la kushoto lilianza kabla hajaja kwetu, la kulia likafuata akiwa hapa hapa, mbele yetu. Nikiwa bado nyuma ya pazia nilianza kuurudia mwaka mzima kichwani, na kila nilichokirudia kilibadilika sura. Alivyotembea ameinamisha kichwa, mkono ukigusa ukuta: sisi tulisema ni staha. Alivyochelewa kupokea kikombe mpaka kimewekwa mezani: tulisema ni kwa sababu kiliwahi kushikwa na mimi. Alivyonikimbia nikikohoa: alinikimbia kwa masikio. Na mimi miezi yote ile nilikuwa nikiusifia ofisini uungwana wa mama mkwe wangu, kwamba wamebaki wachache wa namna yake. Siku aliyonitazama hakunichoka wala hakunikasirikia. Hakujua kama kuna mtu.

"Kwa nini hukusema?" mke wangu alimuuliza.

"Ningesema, mngemwacha mtoto mikononi mwangu?"

Mtoto alikuwa amekwisha kuanza kutembea. Alipokuwa wa kubebwa, mama mkwe alimjua kwa uzito na harufu na pumzi, na hakuwahi kumwangusha hata mara moja. Lakini sasa aliweza kuondoka kimyakimya kwa miguu yake kuelekea jiko la mkaa. Mke wangu alisema kilichopaswa kusemwa: mpaka macho yatibiwe, mama asibaki na mtoto peke yake. Na yasipotibika, itabidi arudi kijijini kwao, safari ya siku nzima kwa basi, na sisi tutafute msichana wa kazi.

Mama mkwe hakubisha. Alimpapasa mtoto kichwani, kisha akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye pazia, "Mjukuu, muulize baba yako. Katika huu mji wao mpya wanaouchora, wamemchora na daktari wa macho?"

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikiona bomba najiuliza linatoka wapi. Lakini sikuwahi kupewa swali lililonikaa kama lile.

Nilianza na furaha ya kijinga, kwa sababu kadi tulikuwa nayo. Mimi na mke wangu tulikatwa mishahara kila mwezi kwa ajili ya bima ya afya ya serikali, na mama mkwe alikuwa na kadi yake kama mzazi tegemezi. Kadi hiyo ndiyo iliyonionyesha uso wake kwa mara ya kwanza. Nilitumwa kuzichukua kadi za familia, nikaona picha yake, nikaigeuza haraka. Halafu, kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nikaifunua tena. Alikuwa na uso mpana, mpole, na macho yake yalitazama pembeni kidogo ya kamera. Nikadhani ameiheshimu hata kamera.

Mke wangu alimpeleka kwanza hospitali ya pale mjini. Kadi ilipokelewa bila neno, na muuguzi wa macho alimmulika kwa tochi akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ugonjwa umekomaa. Dawa ya matone haifanyi kitu hapo. Kinachotakiwa ni upasuaji, na daktari wa upasuaji wa macho pale hakuwepo. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kumuuliza muuguzi, maana maelezo ya kupokea kwa mtu mwingine hayanitoshi. Kwa uvumilivu alinichorea jicho nyuma ya boksi la dawa: hapa mwanga unaingia, hapa kuna kioo kidogo, na kioo hicho ndicho kilichoingia ukungu. Unaondoa kile, unaweka kingine. Nilikibandika kile kipande cha boksi juu ya meza yangu ya kuchorea. Nilishangaa kwamba ndani ya mtu mna kioo, na kwamba kinaweza kubadilishwa kama cha dirisha.

"Ukishapata daktari anayepokea kadi yako," muuguzi aliniambia, "rudi nikuandikie rufaa."

Nilidhani ni kazi ya wiki moja.

Karibu na stendi palikuwa na duka la miwani. Mwenye duka alivaa koti jeupe, na mimi nikiona koti jeupe namwita mtu daktari. Nilimuuliza kama anapokea bima.

"Bima ipi?"

"Ya serikali."

"Serikali ni yetu sote, mzee, lakini hapa tunapokea taslimu. Mlete bibi nimpe miwani."

"Miwani itamsaidia?"

"Itampendeza," akasema.

Saa za chakula cha mchana nilipiga simu kwenye vituo vya macho vya miji mingine, vyovyote ambavyo mtu aliweza kunipa namba. Nilijifunza lugha mpya kabisa. Kituo kimoja kilipokea kadi kwa kumwona daktari lakini si kwa upasuaji. Kingine kiliipokea hata kwa upasuaji, lakini kile kioo cha kuwekwa ndani hakikuwamo.

"Sasa dada yangu," nilimuuliza aliyepokea simu, "mnalifungua jicho mnaliacha bila kioo?"

"Ndivyo utaratibu ulivyo, kaka."

"Na mgonjwa anaona nini?"

"Kaka, nina mtu mwingine hapa."

Penye bima daktari alikuwa ameenda masomoni. Palipo na daktari bima haikujulikana. Nikaanza kumuuliza kila mtu. Niliwauliza makondakta pale stendi, kwa kuwa wao hujua nani anasafirishwa kwenda kutibiwa wapi. Nilimuuliza mama ntilie aliyetupikia, na akina mama waliouza samaki wa ziwani. Nilielekezwa kwa daktari wa meno, kwa fundi wa mifupa, na kwa mtu wa Nangara anayetoa majini. Wenzangu ofisini walinikwepa koridoni, maana walijua nitauliza nini. Lakini nikiri kitu kimoja: kutafuta kwenyewe kulianza kunivutia. Nilikuwa nimeuchora mji ule kiwanja kwa kiwanja, na bado sikujua mtu asiyeona anapita wapi ndani yake.

Nyumbani hapakuwa na cha kuvutia. Mama mmoja jirani alikuja kushinda na mtoto, na mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake, mikono mitupu, akigeuza kichwa kufuata vishindo vya miguu midogo uani. Alikuwa amenyang'anywa kazi. Nilipokohoa getini hakuingia tena ndani. Alijifunika pale pale alipokaa, kama mtu aliyeona haina haja ya kusumbuka. Iliniuma. Nilitamani anikimbie.

Jumapili moja, kwenye matangazo baada ya ibada, mzee wa kanisa alisoma kwamba daktari wa kupasua macho atakuja kwenye hospitali ya misheni iliyo nje ya mji, atakaa siku chache tu na kuondoka, na wenye shida ya macho wajiandae. Kisha akaingia kwenye tangazo la mbuzi aliyepotea. Kanisani kwetu matangazo hayaulizwi maswali. Mimi nikasimama.

"Samahani mzee, wanapokea bima ya serikali?"

Mke wangu aliinamia kitabu chake cha nyimbo. Halafu viti vikaanza kulia watu wakigeuka, kwa sababu nusu ya waumini walikuwa watumishi waliohamia na mkoa kama mimi, wenye kadi mifukoni na wazee nyumbani. "Muulizie na meno," mtu alisema nyuma yangu, na kanisa likacheka.

Mzee wa kanisa alivua miwani yake. "Hapa halikuandikwa hilo," alisema. "Lakini nitauliza."

Jumapili iliyofuata alianza na mimi. "Ndugu yetu aliyeuliza swali, jibu ni ndiyo, wanapokea. Mgonjwa aje mwenyewe, na kadi yake, na rufaa." Nje watu walinishika mkono kama aliyeozesha. Kesho yake yule muuguzi wa macho aliandika rufaa bila kuketi.

Tatizo likaja kwingine. Siku daktari anafika, mke wangu alikuwa amepangiwa kusimamia mtihani wa darasa la saba katika shule ya mbali, na msimamizi wa mtihani hana ruhusa ya kuomba ruhusa. Daktari naye hakuwa wa kusubiri mtu. Ilibaki mimi. Tulisimama getini alfajiri, mke wangu na begi lake begani.

"Usimwachie," aliniambia.

"Nimshike wapi?"

Tukatazamana. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikachukua fagio, nikauchomoa mpini.

Mtoto tulikusudia kumwacha kwa jirani, lakini mama mkwe alikataa. "Mjukuu," alisema, "mwambie baba yako bila wewe sisi tutazungumzaje?" Lilikuwa swali la haki. Alimfunga mgongoni kwa khanga, akajifunika nyingine kichwani mpaka puani, akashika ncha ya mpini. Mimi nikashika ncha nyingine, nikatangulia.

Hivyo ndivyo tulivyopita Bagara siku ile, kuelekea barabarani. Kijana mmoja wa pikipiki alipunguza mwendo kando yetu. "Mambo, mzee! Sasa bibi unamvuta kwa mti? Si umshike mkono?"

"Ni mkwe wangu," nikamwambia.

"Aa! Poa, nimekusoma." Akazima injini, akatuacha tupite kwanza, tena akamwamkia bibi shikamoo kwa heshima zote.

Tulipofika kwenye mtaro nilisimama. "Mwambie bibi kuna mtaro, aruke kidogo."

"Bibi!" mtoto akasema, kwa kuwa ndilo neno aliloliweza.

"Mwambie baba yako nimejua. Mti umeinama."

Kwenye gari mimi nilikaa mbele, yeye nyuma kabisa, kama inavyostahili.

Hospitali ilikuwa imejaa. Palikuwa na wazee kutoka vijiji vya huko, na kila mmoja alishikwa mkono na binti au mwana. Tulifika kwenye dirisha la bima. Karani alikuwa dada kijana mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alimwamkia mama mkwe, akapokea kadi na rufaa, akaniangalia.

"Mgonjwa anaitwa nani?"

"Imeandikwa hapo," nikasema.

"Najua imeandikwa. Nataka uniambie wewe."

Jina nilikuwa nimelisoma mara nyingi kwa macho, lakini halijawahi kupita mdomoni mwangu, na hata pale, na shida yangu yote, mdomo ulikataa.

"Huyu ni nani yako?"

"Mama."

"Mama yako humjui jina?"

Nyuma yetu foleni ilianza kunong'ona. Karani alisema wameshaletewa kadi za kuazima pale, wameletewa hata kadi za marehemu. "Basi afunue uso nimlinganishe na picha."

Mama mkwe aliikaza khanga. Mimi nikageukia ukutani, ili nimpe nafasi. Palikuwa na bango la kunawa mikono, nikalisoma.

"Na wewe mbona unageukia ukutani?"

Hapo nilijua tumeharibu. Kwa macho ya karani nilikuwa nimeleta bibi wa kuokota njiani: simjui jina, simgusi, namvuta kwa mti, na akitakiwa kuonyesha uso naangalia pembeni. Aliichukua kadi akaiweka kando, mbali na dirisha. "Hii naishikilia kwanza mpaka mganga mkuu aje," alisema. Daktari alikuwa na siku chache, foleni ilikuwa ndefu, na kichwani nilimwona mama mkwe ameshapandishwa basi la kurudi kijijini, na kigoda chake kimebaki kibarazani.

"Mjukuu," sauti ikatoka ndani ya khanga, "mwambie baba yako atoke nje."

"Mwambie bibi siwezi kumwacha," nikasema. "Hajui hata mlango ulipo."

"Mwambie baba yako mimi ni mtu mzima."

Mtoto alimwangalia karani. Karani aliweka kalamu chini, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akausogeza uso wake dirishani. "Kaka," alisema polepole, "huyu ni mama mkwe?"

"Ndiyo."

"Jamani! Si ungesema?"

Niliegemeza ncha yangu ya mpini kwenye ukingo wa dirisha ili ajue pa kusimama, nikatoka. Nikiwa nje nilimsikia akisema jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti kama ya mwanafunzi anayeitika darasani. Ni jina zuri. Siliandiki hata leo. Kisha nikamsikia karani akiwaeleza watu kwamba ni mtu na mkwewe, foleni nzima ikicheka, naye akinikaribisha nirudi nichukue kadi.

Alipasuliwa jicho moja, la kulia, siku ile ile. Wauguzi walimlaza wodini, mimi na mtoto tukapata mahali pa kulala palepale kwenye nyumba ya ndugu wa wagonjwa.

Asubuhi wagonjwa wote walipangwa kwenye benchi refu, kila mmoja na jicho lililofunikwa bandeji, na daktari akapita akizifungua. Alikuwa mtu mfupi mwenye haraka. Kila alipofika alitaka ndugu asimame mbele ya mgonjwa, ili mgonjwa awe na kitu cha kutazama. Nilipotaka kumpa muuguzi mtoto na kujitoa, muuguzi alikuwa na trei mikononi. "Simama hapo hapo, baba," alisema. Basi nilimwinua mtoto juu mpaka usawa wa uso wangu, nikajificha nyuma yake.

Nilisikia bandeji ikibanduka.

"Ana mwanya," mama mkwe alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ana mwanya wa babu yake. Meno niliyagusa. Mwanya sikuujua."

Mtoto alisikia sauti ya bibi, akajipinda kuelekea kwake, akateleza mikononi mwangu mpaka kifuani. Uso wangu ukabaki wazi. Mama mkwe alinitazama. Alinitazama vilevile kama siku ile ya mvua, wima, machoni, bila kupepesa, bila kuitafuta khanga. Nikadhani upasuaji umeshindikana, kwamba mwanya ule ameuhisi tu kwa namna yake, kwamba hapa mbele yake napo hajui kama kuna mtu. Nikaliona tena lile basi la kijijini, na kigoda, na mke wangu nitamwambia nini.

Halafu mkono wake ukapanda. Alivuta khanga kwa nguvu mpaka kidevuni, akageukia ukutani na mwili wake wote.

Daktari alishtuka. "Mama, mwanga unakuumiza? Unasikia maumivu?"

"Ameona, daktari," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya benchi zima. "Ameona! Ameona!"

"Mjukuu wangu," mama mkwe alisema ndani ya khanga, "mwambie baba yako nimemwona. Sasa atoke nje."

Nilimteremsha mtoto chini akamkimbilia, nami nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi za wodi mpaka macho yakakauka. Kisha nikarudi mlangoni, nikakohoa.